Fungu la Kifungua Mimba

Simu yangu ikiniuliza jambo hunipa majibu mawili tu: Sawa, au Baadaye. Hapana haimo. Nimekaa na watu wa kila aina, askari wa mipakani, matingo wa malori, wenye nyumba wa Bukavu, na hata hao walikuachia nafasi ya kusema hapana, mradi ukubali litakalokupata. Simu haikuachii.

Jina langu ni Makokha. Nina miaka sitini na minane, nashona mabegi Luzira, Kampala, kando ya barabara inayoteremka Port Bell. Mtu akikatikiwa zipu au mkono wa sanduku huniletea mimi. Kazi hiyo niliijua kwa lazima, maana nimeishi ndani ya begi tangu nikiwa na miaka kumi na tisa: Nakuru, Mwanza, Bukavu, Juba mara mbili. Shule nilisoma vipande vipande, darasa la nne kwetu Kimilili upande wa Kenya, mihula miwili Tororo kwa mapadri, mengine kwenye magazeti yaliyofungiwa sukari. Kwa hiyo mambo ya kompyuta nitayaeleza kama nilivyoelezwa, na nikikosea nisamehewe.

Mama yetu alifariki Kimilili mwaka jana, mwezi wa tatu. Mimi nilikuwa Juba. Dada yangu Celestine alinipigia mara tatu wiki ile, na mara zote tatu nilimwambia nakuja, Pasaka ikipita tu nakuja. Mama hakungoja Pasaka.

Nyumbani kwetu kuna utaratibu. Sijui kama Wabukusu wote wanaufuata, lakini katika nyumba ya baba yangu ulifuatwa. Mzazi akiona siku zake zimeisha, huwaita watoto mmoja mmoja kuanzia kifungua mimba, na kila mmoja hupewa maneno yake. Mmoja anapoambiwa, wengine wako nje. Hakuna anayemuuliza mwenzake ameambiwa nini, wala ujumbe wa huyu hautumwi kupitia kwa yule. Baba alipokuwa anakwenda mimi nilikuwepo, na aliyoniambia mpaka leo sijamwambia mtu.

Kwa mama, kifungua mimba hakuwepo. Basi mama akamwambia Celestine: weka hicho kisimu chako hapa kitandani, kiwashe kirekodi, tuombe, kisha nikigonga hiki kikombe cha bati tokeni nje nyote. Akasema na mimi kupitia simu. Alipomaliza akakigonga tena kile kikombe kwenye ukingo wa kitanda, Celestine akaingia kupokea yake. Kikombe kikagongwa tena, akaingia Wangila, mdogo wetu. Mwisho akawaita wote wawili ndani kwa maneno ya pamoja, na simu ikaendelea kurekodi yote. Kwa hiyo duniani hakuna mtu aliyesikia maneno yangu. Celestine alikuwa jikoni anageuza maharagwe, Wangila alikuwa getini. Maneno yalikuwa ndani ya simu, basi.

Nilifika siku nne baada ya mazishi, nyumba imejaa watu. Celestine akanivuta pembeni.

"Kaka, ya kwako yamo humu. Chukua usikie."

"Si leo. Nimejaa vumbi."

"Vumbi linaziba masikio?"

Ukweli ni kwamba nilikuwa na haya. Nikamwambia nitarudi watu wakiisha, nikae kwenye kitanda kile kile, nisikie kama mtu aliyekuwepo. Kisha Celestine na Wangila wakarudi Kampala wanakoishi, mimi nikafuatana nao, nikaingia chumba cha nyuma kwa Celestine, nikanunua uzi na sindano, na mwaka ukaenda. Nimevuka mipaka sijui mara ngapi bila hata karatasi, lakini safari ya kutoka Luzira hadi Kimilili, ambayo basi linaimaliza kwa siku moja, ilinishinda.

Sasa nimtaje Nakhisa. Ni binti wa Celestine, miaka ishirini na saba, mwembamba, anaongea haraka kama anayekimbizwa. Alikuwa ameajiriwa mjini kwenye ofisi ya kuandika programu, akaacha, akaweka meza sebuleni kwa mama yake na juu yake simu saba za kila aina, nyingine zimepasuka vioo. Celestine alisema mtoto amerogwa. Mimi nilimpenda zaidi kwa ajili hiyo, maana naye alikuwa ameondoka mahali pazuri bila sababu inayoeleweka.

Alikuwa anatengeneza programu aliyoiita Jirani. Siku moja aliniita aniambie inafanya nini.

"Mjomba, mimi na wewe tumekaa hapa, simu zetu zinagusana. Nikikutumia picha, unajua inapitia wapi?"

"Inaruka kutoka hapa mpaka hapa."

"Hapana. Inapanda mpaka Ulaya, kwenye kompyuta ya watu, halafu inarudi Luzira."

"Inafika Ulaya na kurudi? Na viza inapata?"

Akacheka mpaka akashika tumbo. Akasema Jirani inakataza safari hiyo. Simu zinaongea zenyewe kwa zenyewe, bila data, bila kampuni, bila mkubwa yeyote katikati. Faili linakatwa vipande, kila simu inabeba vipande vyake na kuvitoa jirani akiviomba. Simu moja ikipotea, nyingine zina nakala, faili linaungwa tena.

Hilo nililielewa vizuri kuliko alivyotarajia. Nikamweleza jinsi ng'ombe wa matanga anavyogawanywa kwetu: kidari kina wenyewe, mguu una wenyewe, kichwa kina wenyewe, na ukitaka kumwona ng'ombe mzima ni lazima uwakusanye watu wote. Akaandika kwenye karatasi wakati naongea. Nilijiona mtu mkubwa siku hiyo.

Lakini kazi ilikuwa inamchosha. Mezani kwake Jirani ilifanya kazi kama saa. Ikitoka nje, ikiingia kwenye simu za watu, ilikufa. "Mtu akizima kioo tu, simu inaiua programu yangu," aliniambia. "Inasema inaokoa betri. Muziki haiui, matangazo yake haiui, inaua yangu. Na kila kampuni ina namna yake ya kuua, na hakuna iliyoandika popote." Aliipeleka kwenye duka la programu, lile lililomo ndani ya simu, ikakataliwa kwa barua ya mistari miwili. Akaandika kuuliza kosa ni nini. Ikarudi barua ile ile, mistari ile ile miwili. Akaandika tena. Baadaye aliniambia haamini kama upande ule kuna mtu.

Ndiyo maana ukiiweka Jirani kwenye simu, simu inakuonya kama umemkaribisha mwizi: programu isiyojulikana, inaweza kudhuru kifaa chako.

"Kifaa chako," Nakhisa alisema. "Wanasema chako. Wana mdomo hao."

Mwezi wa saba mwaka huu simu ya Celestine ilianza kuganda. Unaibonyeza asubuhi, inajibu saa nne. Mimi nikashikwa na hofu, Nakhisa akasema ni rahisi, tuitoe rekodi humo tuiweke kwenye Jirani, ikae kwa simu za familia, hakuna simu moja itakayoweza kuipoteza. Tukakaa mezani, mimi, yeye, Celestine na Wangila, ambaye anaendesha mashine ya kupakia mizigo bandarini na alikuja na kofia yake ya plastiki kichwani.

Nakhisa akaifungua rekodi kwenye kompyuta yake bila kuisikiliza. Sauti ya mama ikatokea kama mstari wa vilima vidogo. Kila mahali kikombe kilipogongwa palikuwa na kilima kirefu chembamba, kama mlingoti. Akakata hapo. Vikatokea vipande vitano: maombi ya kwanza, yangu, ya Celestine, ya Wangila, na maneno ya mwisho kwa wote. Changu kilikuwa dakika kumi na moja na sekunde arobaini.

"Kila kipande nitakiweka kwenye simu nne zote," akasema.

"Changu hapana," nikasema.

Akanitazama. "Mjomba, kipande chenye nakala moja ni kama yai mkononi mwa mlevi."

"Maneno yangu hayawezi kulala kwenye simu ya Wangila."

"Mimi nitayafanya nini?" Wangila akasema. "Nitayakaanga?"

"Wewe na Celestine mmeshayasikia yenu, yawekeni hata sokoni. Yangu hayajasikiwa. Yatakaa kwangu peke yangu. Ndivyo tunavyogawa."

"Lakini nitayafunga kwa nenosiri, hakuna atakayeweza…"

"Nakhisa."

Celestine akasema, "Fanya anavyotaka mjomba wako. Ni yake."

Programu ilikuwa haijaandikwa hivyo. Jirani inadai nakala tatu ndiyo ikubali. Nakhisa alikaa saa nzima anaandika mlango wa pembeni kwa ajili ya kipande kimoja, cha mtu mmoja, huku midomo amebana. Alipomaliza nikamwuliza, na kwenye kompyuta yako imebaki? Imebaki, akasema. Nikamwambia ifute mbele yangu. Akaifuta mbele yangu. Niliona kwa macho yangu mwenyewe.

Wiki mbili baadaye simu ya Celestine iliganda kabisa. Akaipeleka kwa fundi wa kwanza aliyemwona, naye akairudisha kama ilivyotoka kiwandani, kila kitu kikafutika. Ilipowaka ikasema: ingiza akaunti iliyokuwa ikitumika kwenye kifaa hiki. Akaunti gani? Aliponunua ile simu mjini, muuzaji alimfungulia akaunti pale pale kaunta kwa jina lake mwenyewe muuzaji, kama wanavyofanya, ili Celestine apate picha zake aende. Tulilitafuta duka, sasa panauzwa mawigi. Simu ile iko kwenye kabati hadi leo, inang'aa, inauliza jina la kijana ambaye hakuna anayemjua.

Lakini hatukulia. Vipande vilikuwepo. Changu kilikuwa mfukoni mwangu, nacho natembea, na nawaambieni, kwa miezi ile nilijihisi mzito kidogo upande wa kushoto, uzito mzuri.

Simu yangu nayo haikufurahi. Nakhisa alinipitisha kurasa tano za mipangilio kuiambia isiiguse Jirani, na kila simu ilipojisasisha yenyewe, yale yote yalirudi yalivyokuwa. Mle ndani mna programu ya kusafisha, iliyokuja na simu. Nakhisa alijaribu kuiondoa. Kitufe cha kuondoa kilikuwa cha kijivu, hakibonyezeki. Kila asubuhi ikaniambia: Simu yako imejaa, kuna faili zisizojulikana, safisha? Sawa. Baadaye. Nami kila asubuhi nikabonyeza Baadaye, kama mtu anavyomfukuza mbuzi yule yule kwenye mboga zile zile.

Mwezi wa kumi na moja nikaamua. Nitakwenda Kimilili, nitakaa kwenye kitanda, nitasikia. Sijui ni nini kilichonisukuma, labda ni kikohozi tu. Nikachukua tiketi ya basi la Jumatatu. Tukakubaliana kwamba Jumapili, baada ya kanisa, tukusanye vipande vyote tuiunge rekodi, niende nayo nzima, nisikie maombi ya mama kwanza kisha yangu, kwa mpangilio.

Siku ya Alhamisi niliosha shati. Nikashona begi langu mwenyewe, jambo ambalo sikuwa nimelifanya miaka mingi. Nikakata nywele. Halafu nikaitazama simu. Ilikuwa imejaa, ni kweli, inavuta miguu, imejaa matangazo na picha za asubuhi njema ambazo watu wa kanisani hutuma. Nikafikiri, mgeni anakuja, acha nami nifagie. Ikaniuliza kama kawaida yake. Nikabonyeza Sawa.

Ufagio ukazunguka kwenye kioo, na nyota ndogo ndogo zikameta. Ikaandika: Hongera! Simu yako ni safi.

Nikalala vizuri siku hiyo.

Jumapili tulikaa mezani tena, wale wale wanne. Celestine alikuwa ametandika kitambaa cheupe. Nakhisa akaziweka simu pamoja, akabonyeza, mstari wa kijani ukaanza kutembea. Kipande cha kwanza. Cha tatu. Cha nne. Cha tano. Mstari ukasimama.

"Unangoja nini?" Wangila akauliza.

 Nakhisa alichukua simu yangu, akaingia humu, akaingia mle, vidole vinakwenda mbio. Kisha vikapungua mwendo. Kisha vikaacha.

"Mjomba, Alhamisi saa kumi ulifanya nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza mpaka habari za shati. Hakunigombeza. Aliiweka simu mezani taratibu kwa mikono miwili, na hapo ndipo nilipojua, maana huyo mtoto simu huzitupa tu.

"Ilisema faili zisizojulikana," nikasema. "Mimi sikujua kuwa ni huyo."

"Ilimaanisha ni huyo, mjomba. Yote mengine inayajua."

Celestine akashika kichwa. "Si uirudishe tu? Umesoma miaka yote hiyo."

"Mama, nimeshaangalia. Hata kile chumba cha simu kilimowekwa kipande, mimi niliyeiandika Jirani siruhusiwi kuingia. Simu hainiruhusu."

Mwishowe Wangila akasema, basi tusikie hivyo vilivyopo, huenda amerudia mahali. Nakhisa akacheza. Sauti ya mama ikaingia sebuleni, nyembamba, na nyuma yake kuku. Aliomba. Alitutaja wote. Akasema, "Sasa Makokha, popote ulipo, kaa chini." Kikombe, ko. Na hapo hapo, bila hata pumzi, akawa anamwambia Celestine habari za Celestine, Nakhisa akaruka mbele haraka tusisikie, akaruka na ya Wangila, mpaka mwisho.

Mwisho ulikuwa mfupi. Mama alikuwa amechoka. Alisema wasigombanie sufuria. Akasema, "Na kile nilichomwambia Makokha, siku akikifanya, msimzuie. Hata kama mtaona ni kibaya. Msimzuie."

Kikombe. Basi.

Niliwatazama wadogo zangu. Wao hawakushangaa. Walitazamana wao kwa wao.

"Mlikuwa mnajua hayo."

"Tulikuwepo alipoyasema," Celestine akasema. "Hatukuweza kukwambia kabla hujapokea ya kwako."

"Mwaka mzima tunakuangalia tu," Wangila akasema. "Ukinunua uzi tunasema, labda ndiyo hiyo. Ukihamisha kitanda, labda ndiyo hiyo. Nilidhani utauza shamba. Usiku sipati usingizi nawaza shamba."

"Sijui aliniambia nini, Wangila."

"Najua sasa hujui. Ndiyo mbaya zaidi. Sasa ukisema lolote, itabidi tukubali."

Jumatatu basi liliondoka bila mimi. Nilikwenda kwa Ojera. Ojera ana kibanda cha kutengeneza simu kwenye njia ya kuelekea gereza. Baba yake alikuwa askari kutoka Kitgum, na yeye alizaliwa na kukulia kambini, kwa hiyo Kiswahili chake ni kile cha kambini, kinapiga saluti. Nakhisa alikuja nami. Ojera akavaa lenzi jichoni, akaisikiliza hadithi yote, akafungua simu, akaichomeka kwenye mashine zake mbili. Akatikisa kichwa.

"Mzee Makokha, mimi naambia wewe ukweli, sidanganye. Kile kitu pengine bado iko ndani. Kufuta si kuchoma. Lakini mulango imefungwa na kampuni."

"Ivunje."

"Iko njia moja. Kampuni inaweza kubali nifungue mulango. Unaandika ombi, unangoja siku saba, wanatuma namba."

"Basi tuandike."

"Ngoja, mzee. Ukiweka ile namba, mulango inafunguka, na simu inafuta yote iko ndani. Ndiyo sheria yao. Kufungua nyumba, lazima kwanza uchome nyumba."

Nakhisa alikuwa anatazama chini. Alikuwa analijua hilo tangu jana. Alikuwa amenileta nilisikie kwa mtu mwingine, nisifikiri ni yeye aliyeshindwa.

"Sasa hii simu ni ya nani?" nikamwuliza Ojera.

"Ni yao. Wewe unabeba tu."

Nikamwomba anipigie namba ya kampuni. Tukaweka kwenye spika. Sauti ya kike ikatushukuru kwa kuwapigia, ikasema bonyeza moja kwa Kiingereza, mbili kwa Luganda. Tukabonyeza. Ikasema bonyeza moja kununua, mbili kwa dhamana, tatu kusikia tena. Ojera alibonyeza tatu mara nne, kwa heshima yangu tu, kisha akakata.

"Usiiwashe tena, mzee," akasema akinirudishia. "Ikiwa imezimwa, angalau haiandiki juu yake. Pengine siku moja dunia itabadilika, kampuni itakufa, nani ajue. Mimi sitaki pesa yako."

Nakhisa alichimba kompyuta yake siku tatu, akitafuta kile nilichomfanya akifute mbele yangu. Alikuwa ameandika juu yake mara elfu. Alichopata ni kitu kimoja: Jirani hujiwekea alama ya kila kipande, kama alama ya kidole gumba kwenye hati. Akanionyesha. Ni mstari wa herufi na namba sitini na nne, hausomeki.

"Kipande kikipatikana popote, mjomba, hii itathibitisha kuwa ndicho chenyewe."

"Na kutoka kwenye hii huwezi kukirudisha?"

"Huwezi. Alama ya kidole haikupi mtu."

Nikaunakili kwenye daftari langu, polepole, herufi kwa herufi, naye akanisomea. Kisha nikamwuliza jambo nililokuwa nimelizuia.

"Siku ile ulipoona vile vilima vyangu. Vilikuwaje?"

Akafikiri. "Mwanzoni vidogo. Halafu palikuwa na kimya kirefu, karibu dakika nzima. Halafu vikubwa, vimebanana."

"Alikuwa amekasirika?"

"Mjomba, hasira na kicheko kwenye kioo vinafanana."

Hayo ndiyo ninayoyajua juu ya maneno ya mama yangu: urefu wake, kimya kilipokuwa, na alama ya kidole.

Nakhisa hakuendelea na Jirani. Simu zake saba amezitia kwenye sanduku la kadibodi na amerudi ofisini mjini, huvaa viatu vya kufunga. Nilimwambia kosa halikuwa lake. Akasema anajua, ndiyo maana ameacha; kama lingekuwa lake angelirekebisha.

Mimi simu yangu nimeizima, nimeivisha soksi, iko chini ya mto. Mtu akinitaka, Celestine hupiga kelele kupitia dirishani.

Kisha juzi, Jumamosi, nikasema nitakwenda hivyo hivyo. Nitakwenda Kimilili, nitakaa kwenye kile kitanda bila kitu. Niliamka mapema, nikavaa lile shati, nikabeba begi. Sikuwa nimemwambia mtu. Sebuleni nilimkuta Celestine anakunywa chai na Wangila, ambaye alikuwa anatoka zamu. Kiti cha Celestine kiko mbele ya mlango, siku zote, kwa ajili ya upepo.

Wakaona begi.

Safari zote nilizowahi kufunga kutoka nyumba ya wazazi wetu Kimilili, palikuwa na vita. Mama akinivuta koti. Celestine akificha kiatu kimoja. Mwaka ule wa Bukavu, Wangila, akiwa bado mdogo, alilala kizingitini ili nimruke. Niliwaruka wote. Nilikuwa najua ninakokwenda kwa sababu palikuwa na mtu anayenivuta upande wa pili.

Celestine aliweka kikombe chini. Nikamwona anataka kuuliza, mdomo umeshafunguka. Akaufunga. Akamtazama Wangila. Kisha akasimama, akakiburuta kile kiti mpaka ukutani, akakaa huko, mikono mapajani. Wangila akavuta miguu yake ndani.

Mlango ukawa wazi, na barabara ikaonekana mpaka chini, na meli ya kubeba mabehewa ya reli ilikuwa inapiga honi bandarini.

"Celestine," nikasema, "unadhani ndiyo hii aliyoniambia? Niondoke? Au aliniambia nikae?"

"Usiniulize, kaka. Tafadhali."

"Sema hata neno."

Machozi yalikuwa yanamtoka, mikono bado mapajani. Wangila alikuwa anatazama kofia yake.

Nilisimama pale na begi mpaka honi ikaisha. Hakuna aliyenizuia.